Dinari 300 na Nauli ya Roma

Shangazi yangu aliuliza swali zito kuliko alivyolitamka. Nilimpigia simu Bukoba, nikamwamkia, nikamweleza kwamba mwakani, Mungu akipenda, nitakwenda Roma na rafiki yangu, kwa gharama ndogo kabisa, wala asihofu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa mwanangu," akasema, "Roma haihami. Paa la kaka yako nalo linavuja tangu masika." Hakusema nisiende. Shangazi wa Kihaya hana haja ya kukukataza jambo. Anakudondoshea neno moja, anageuza mazungumzo, anauliza habari za baridi, na wewe unabaki na lile neno usiku kucha.

Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee karibu na Köln, Ujerumani. Mshahara si mbaya wala si mnono, na kila mwezi, kabla sijanunua hata sabuni, fungu la nyumbani limeshatoka. Kinachobaki nakijua kwa senti. Bajeti ya Roma tuliyopanga na mwenzangu ni euro 450 kwa kila mmoja: ndege, kitanda, chakula, usafiri wa mjini, sadaka. Ukizigeuza kuwa shilingi, hayo ni mabati mengi. Kwa hiyo swali linasimama hivi: mtu ambaye ndugu yake ananyeshewa, ana ruhusa ya kwenda kutazama makanisa?

Swali hili limo katika Injili, na linakera kwa sababu aliyeliuliza ana sifa mbaya. Yohana, sura ya 12: Mariamu wa Bethania anammiminia Yesu miguuni marhamu ya nardo, na Yuda anapiga hesabu papo hapo. Yangeuzwa dinari 300, wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, kwa hiyo uliomwagika sakafuni pale ulikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima. Yohana anaongeza upesi kwamba Yuda alikuwa mwizi na ndiye aliyeshika mfuko. Wahubiri wengi huishia hapo, na mimi nimechoshwa na mahubiri hayo. Maana Mathayo, akisimulia chakula cha Bethania, anasema walionung'unika ni wanafunzi, bila kumtaja mmoja. Watu wema, basi. Na hesabu yao ilikuwa sahihi: fedha ile ingelisha watu kweli.

Jibu la Yesu, kwamba maskini tunao siku zote, limewapa usingizi mnono matajiri wengi. Wangesoma yanapotoka maneno hayo wasingelala. Yanatoka Kumbukumbu la Torati 15, na mstari ule ule unaendelea kuamuru kwamba mkono uwe wazi kwa ndugu mhitaji. Hakuna aliyeambiwa achague marhamu awaache maskini. Ila mimi kinachonigusa zaidi katika chumba kile ni kitu kingine: kila mtu alikuwa na maoni kuhusu mali ya mwanamke yule. Marhamu yalikuwa yake. Hakuna anayemuuliza aliyapataje, aliyaweka kwa miaka mingapi, wala ni maskini wangapi aliowahi kuwasaidia kabla ya jioni hiyo. Wanahesabu tu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi Ulaya na kupiga simu nyumbani anakijua chumba hicho.

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha makala ambayo imewanyima wasomi raha hadi leo. Ukipita kando ya bwawa ukamwona mtoto anazama, anasema, utaingia umtoe hata nguo zako zikichafuka, kwa sababu nguo si kitu mbele ya uhai. Basi umbali nao usipunguze wajibu. Mtoto anayekufa kwa njaa nchi ya mbali ana haki ile ile, na fedha unayotumia kwa starehe ndiyo nguo zako. Hoja hii ni ngumu, na wengi wanaoicheka hawajaijibu. Lakini kila nikiisoma naona Singer alikuwa akizungumza na watu wakavu. Sisi tunaokutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Mfilipino na Mkameruni, tumo ndani ya bwawa hilo tangu mshahara wa kwanza. Ada ya mtoto wa dada, matanga, dawa za presha za mama mkubwa, simenti. Swali letu halijawahi kuwa kama tuingie majini. Ni kama tunaruhusiwa kutoka angalau kidogo, tukajianika.

Singer angenijibu kwamba kujianika si lazima kuwe Roma. Kweli. Ningeweza kujianika hapa hapa kando ya mto Rhine, bure.

Ndiyo maana nikamrudia mzee mwingine, Thomas wa Akwino, aliyelitazama jambo hili miaka mia saba kabla yake. Katika maswali yake juu ya kutoa sadaka anagawa mahitaji ya mtu mafungu mawili. Kuna yale ambayo bila hayo wewe na walio chini yako hamwezi kuishi. Kuna na yale ambayo bila hayo mnaishi, lakini si kwa namna inayoifaa hali yenu. Kutoa kutoka fungu la pili ni jambo jema, anasema, ila kwa kawaida ni shauri na si amri. Na hakuna mtu anayepaswa kuishi maisha yasiyomstahili. Kisha anakiri kwamba fungu hilo halina mstari uliochorwa mahali pamoja: unaweza kuongeza mengi usiwe umezidisha, ukapunguza mengi bado ukabaki na ya kukustahili. Nampenda kwa uaminifu huo. Hakunichorea mstari.

Sasa, hali ya mtu ni nini? Thomas aliwaza juu ya mabwana na watumishi wao, kila mmoja na cheo chake. Mimi nawaza juu ya bibi mmoja ninayemuogesha. Alikwenda Roma Mwaka Mtakatifu wa 1950 akiwa binti mdogo, kwa treni, na wasichana wa parokia yake, vita ikiwa imeisha juzi tu na Köln bado ni vifusi. Leo majina ya wajukuu wake yamempotea. Kama ni asubuhi au jioni, hajui. Lakini ukimwosha magoti anaanza kukusimulia Ngazi Takatifu, zile ngazi 28 mkabala na kanisa la Laterano ambazo watu huzipanda kwa magoti, na jinsi mbao zilizofunika marumaru zilivyomuumiza, na jinsi rafiki yake alivyocheka akakaripiwa na sista. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, na kila mara anafika juu. Sijui ni nani alimlipia nauli mwaka ule. Najua kwamba nyumba nyingi mtaani kwao hazikuwa na paa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayesema maskini atumie fedha yake kwa chakula, dawa na bati tu, anadhani anamtetea, kumbe amemfanya tumbo lenye miguu miwili. Mtu anahitaji pia kwenda mahali ambako hapati faida yoyote, akapiga magoti, akatazama juu, akarudi. Mama zetu walilijua hili: walitembea kutwa nzima kwenda kwenye upadrisho wa mtoto wa jirani, jembe limelala. Hakuna aliyewaambia wamepoteza siku ya kulima.

Hapo ningeweza kufunga daftari nikakata tiketi. Lakini tulipoanza kutafuta bei likazuka swali la pili, na hili Shangazi hakuniuliza.

Mwenzangu ni Mkongo wa Bukavu, anaishi Liège, na kazi yake ni kushika vitabu vya hesabu vya duka la jumla. Ananiita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao. Katika kubana matumizi ana kipaji. Ndege ni ile ya alfajiri, ya begi dogo linaloingia chini ya kiti. Kutoka uwanja wa Fiumicino hatutapanda treni ya haraka ya euro 14 inayokwenda moja kwa moja kituo kikuu cha Termini, bali ile ya kawaida ya euro 8 inayosimama Trastevere. Mjini tiketi ya basi ni euro moja na nusu, inadumu dakika 100; zaidi ya hapo ni miguu. Maji hatununui, kwa kuwa Roma ina vibomba vya chuma, nasoni, vinavyomwaga maji safi ya kunywa mitaani mchana na usiku tangu miaka ya 1870, vipo kama 2,500; ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kwenye kitundu ukanywa bila kuinama. Makumbusho ya Vatikano ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, ila wa mwisho anaingia saa sita na nusu na foleni ni ya kuomba Mungu. Koloseo ni bure Jumapili ya kwanza. Basilika la Mtakatifu Petro ni bure siku zote, mradi mabega na magoti yamefunikwa, na kwa hilo kitenge kimoja kinatosha watu wawili kwa zamu. Tiketi za kumsikiliza Papa Jumatano nazo ni bure. Ukiona mtu anakuuzia, huyo ni tapeli, endelea na safari yako. Shangazi sijamwambia bado kwamba jengo zuri kuliko yote kule, Pantheon, lina tundu la upana wa zaidi ya mita 8 katikati ya paa, mvua inaingia, na sakafu imetobolewa ili maji yatoke.

Kituo cha Trastevere kina maana nyingine kwangu. Ukishuka hapo unaweza kutembea mpaka kanisa la San Francesco a Ripa, kanisa alilokabidhiwa Laurean Rugambwa kama kadinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa kofia ya kadinali katika zama zetu. Mtoto wa Bukoba anayejua kusali anajua jina lake. Lakini wengi wetu hatujui alipewa kanisa gani Roma, na kwamba lilijengwa palipokuwa hospitali ya maskini alimofikia Fransisko wa Asizi. Chumba chake kidogo kinaonyeshwa mpaka leo, na jiwe linalosemwa lilikuwa mto wake wa kulalia. Nilipomweleza Shangazi, aliyewahi kumsikia Rugambwa akihubiri, alinyamaza kidogo. "Niwashie mshumaa hapo," akasema. Kisha: "Na hela ya bati usisahau."

Nirudi kwenye bei. Jioni moja mwenzangu alinitumia picha ya kitanda cha bei ya ajabu, karibu na Termini. Nikasoma maoni ya waliolala humo. Mmoja alisifu kwamba vyumba vinasafishwa haraka sana, dada wa usafi anamaliza ghorofa nzima kabla ya saa nne. Mwenzangu aliona sifa. Mimi nilimwona yule dada. Namjua, kwa sababu nimekuwa yeye. Najua vitanda vingapi vinatandikwa kwa saa moja ili mgeni alale kwa bei ile, na kwamba tofauti ya bei haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliilipa kwa mgongo wake.

Hapa ndipo naona Wakristo tunaosafiri kwa bajeti tunajidanganya. Tunapenda kujilinganisha na mahujaji wa zamani: mkate mkavu, miguu, kitanda kigumu. Tunadhani ufukara wa safari ni fadhila yenyewe. Lakini hujaji wa zamani hakusafiri kwa bei nafuu. Alisafiri kwa kupokewa, na hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu. Mwaka 1548 Filipo Neri na padri aliyemuungamisha walianzisha Roma udugu wa Utatu Mtakatifu, na jubilei ya 1550 ilipofika wakawa wanawapokea mahujaji waliofika bila kitu. Kanisa lao, Santissima Trinità dei Pellegrini, liko karibu na daraja la Ponte Sisto, na kuingia ni bure. Hujaji alipewa chakula na kitanda kwa siku chache, na kabla ya kulala alioshwa miguu. Waliomuosha wakati mwingine walikuwa makadinali na mabwana wakubwa wa mji. Unaweza kusema ni maonyesho, na pengine kwa baadhi yao yalikuwa. Hata hivyo aliyegharimia alijulikana, alikuwa amechuchumaa mbele yako na beseni, na alikuwa amejitolea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa yule dada wa Termini, mimi nikilala kwa bei ile, yeye anapona nini?

Nenda kanisa la Sant'Agostino, hatua chache kutoka Piazza Navona, uingie kikanisa cha kwanza kushoto. Caravaggio alichora pale, mwanzoni mwa miaka ya 1600, Bikira Maria amesimama mlangoni na Mtoto mikononi, kama mama yeyote wa mtaani aliyesikia hodi. Mbele yake wamepiga magoti mahujaji wawili, mzee na bibi, fimbo begani. Nyayo za yule mzee zimetugeukia sisi, chafu, zimevimba, ziko usawa wa uso wa mtazamaji. Giovanni Baglione, mchoraji wa wakati ule aliyeandika habari za wenzake, anasema watu wa kawaida waliipigia kelele picha ile. Nilipoiona katika safari ya awali, nikiwa na kundi la parokia, nilibaki nikitazama si nyayo bali mlango. Maria hajaketi kwenye kiti cha enzi. Ametoka. Amesimama kizingitini kwa miguu mitupu, amevusha mguu mmoja mbele ya mwingine kama aliyeacha kazi ndani akaja kuona ni nani.

Kuna shahidi mwingine, na huyu anawavuruga wote wanaobana matumizi, mimi nikiwemo. Wasimulizi wa kwanza wa maisha ya Fransisko wanasema alikwenda Roma akiwa bado kijana wa mali, akaona mahujaji wanatupa visenti kwenye kaburi la Petro. Akashangaa: mkuu wa mitume anapewa hivi? Akachota sarafu mkono mzima akazitupa kwa kishindo mpaka watu wakageuka. Halafu akatoka nje, akabadilishana nguo na ombaomba mlangoni, akaketi akaomba. Mpangilio huo unanivutia. Hakuanza kwa kubana. Alimwaga kwanza, akaomba baadaye, na katikati hakukuwa na mahali pa mtu anayetafuta punguzo.

Na Benedict Joseph Labre, Mfaransa aliyekataliwa na nyumba kadhaa za watawa, akageuza barabara kuwa utawa wake, akatembea madhabahu za Ulaya kwa miguu na kuishia kulala kwenye magofu ya Koloseo. Alifariki Roma mwaka 1783 akiwa na miaka 35, akazikwa kanisa la Santa Maria ai Monti, na Papa Leo XIII akamtangaza mtakatifu mwaka 1881. Hakuna aliyewahi kuiona Roma kwa gharama ndogo kuliko yeye. Lakini alichopewa kikizidi mahitaji ya siku alikitoa kwa ombaomba wengine. Kwake unafuu haukuwa akiba, kwa sababu hakikubaki kitu cha kuwekwa.

Sisemi tulale Koloseo. Nasema kuna akiba za aina mbili, na daftari letu lilikuwa limezichanganya. Kuna akiba ninayoilipa mimi: kutembea badala ya teksi, mayai ya kuchemsha na mkate badala ya mgahawa, kupanda kuba la Mtakatifu Petro kwa ngazi zote 551 badala ya lifti inayokupunguzia sehemu tu ya ngazi. Hiyo ni halali yangu, miguu ni yangu. Mahujaji wa Filipo Neri waliozunguka makanisa saba ya Roma, zaidi ya kilomita 20 kwa miguu, nao waliketi katikati ya safari wakala mkate, jibini na mayai, wakaimba. Na kuna akiba ambayo mtu mwingine anailipa bila kuulizwa. Hiyo nimeifuta. Tutalala kwenye nyumba ya wageni ya masista, ghali kuliko kile kitanda cha Termini, mlango unafungwa saa tano usiku na hakuna mjadala. Nimeuliza kwa simu nani anasafisha. Sista aliyepokea alicheka. "Sisi," akasema. "Na mgeni anatoa shuka mwenyewe siku ya kuondoka."

Mwenzangu alilalamika juu ya saa tano usiku. Ya bei aliyameza.

Kuna kisanduku kimoja Roma ambacho kinafundisha somo hili kuliko mimi. Katika makanisa yenye michoro mashuhuri, kikanisa cha pembeni kina giza, na ukutani pana kisanduku cha sarafu. Ukitumbukiza, taa inawaka kwa dakika chache, kisha inazima. Nilikiona Santa Maria del Popolo, mbele ya Caravaggio wengine wawili, Petro anasulubiwa kichwa chini na Paulo ameangushwa na farasi. Tulikuwa watu labda ishirini gizani, Wakorea, Wapolandi, sisi na padri wetu, kila mmoja anajifanya anasoma kijitabu. Hakuna aliyetoa sarafu. Wote tulikuwa tunamsubiri mwingine. Mzee mmoja wa Kiitalia aliyekuja kusali tu, nadhani, akatupa jicho, akaguna, akaingiza euro yake. Taa ikawaka. Kalio la farasi likatokea lote, kubwa, linang'aa, na chini yake mtu mikono wazi. Simu ishirini zikainuka. Mzee hakutazama picha. Alikwisha geuka na kwenda zake kwenye benchi. Kwenye bajeti yangu ya safari hii nimeandika fungu la sarafu za taa. Mwenzangu anauliza kwa nini, wakati ukisubiri kidogo tu ataweka mwingine.

Ajabu ni kwamba Kanisa lenyewe linakutana na swali la Yuda kila mwaka. Kando ya nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro kuna jumba la kifahari, Palazzo Migliori, ambalo lingeweza kuwa hoteli ya kuingiza fedha nyingi za kulisha maskini wengi. Mwaka 2019 Papa Fransisko alilitoa liwe makazi ya wasio na nyumba, dari zake za michoro na yote. Anayepiga hesabu atasema ingekuwa busara kulikodisha na kupanga vyumba vya bei rahisi pembezoni mwa mji. Labda. Lakini wale waliolala nje jana wanaamka leo chini ya dari iliyochorwa, na mimi siwezi kuiita hasara. Shangazi nilipomsimulia alisema, "Hao wamepewa paa." Sikuwa na la kuongeza.

Paa la kaka, basi. Nimepanga hivi: fedha ya bati inatoka mwezi huu na ujao, kabla ya tiketi, na safari inasogea mbele mpaka baada ya Pasaka. Kama bati zitapanda bei, safari itasogea tena. Thomas angesema paa liko fungu la kwanza na Roma fungu la pili, na sina ugomvi naye. Ila fungu la pili lipo. Halifutwi kwa kuwa la kwanza halijawahi kuisha, maana kwetu halitaisha. Baada ya paa kuna choo, baada ya choo kuna ada.

Tunachobishania sasa na mwenzangu ni Pantheon. Hekalu lile la kipagani liligeuzwa kanisa mwaka 609, wakati wa Papa Bonifasi IV, na ni kanisa mpaka leo. Kwa karne nyingi uliingia bure. Tangu Julai 2023 mgeni analipa euro 5. Asilimia 70 inakwenda wizara ya utamaduni ya Italia na 30 Jimbo la Roma. Anayekuja kusali misa halipi. Mwenzangu ameona mwanya: twende misa ya Jumapili pale pale, tumsifu Mungu na kuona tundu kwa pamoja, euro 5 zibaki mfukoni. Nikamuuliza, misa hiyo itakuwa ya nani, ya Mungu au ya zile euro tano? Akaniuliza tangu lini mimi napima nia za watu mlangoni mwa kanisa. Wangapi wanakwenda misa ya Krismasi kwa ajili ya kwaya, na padri anawapokea?

Hoja yake ina nguvu. Mwenye nyumba akisema wanaosali waingie bure, na mimi nikaingia nikasali kweli, sijamwibia mtu. Lakini naona vibaya kuifanya Ekaristi kuwa tiketi. Nimependekeza twende misa ya asubuhi parokia yoyote ya mtaani, tutoe sadaka yetu, kisha tupange foleni Pantheon na kulipa kama watalii wengine, kwa kuwa saa hiyo tutakuwa watalii kweli na hakuna aibu.

"Yaya," akasema, "kule unatoa, huku unalipa. Ile feza si utakuwa umelipa mara mbili?" Kisha akaleta hesabu ya kikarani: tukienda misa ndani ya Pantheon na kutumbukiza euro 5 nzima kwenye kikapu, serikali haipati asilimia 70 yake, Kanisa linapata zaidi, na sisi tumeona jengo. Nimekaa na hesabu hiyo tangu juzi, naitafutia kosa. Ninachoweza kumjibu ni kwamba paa lile la miaka karibu 1,900 linatunzwa na hiyo serikali anayotaka kuinyima, na kwamba mtu aliyetoka Bukavu na mtu aliyetoka Bukoba wanajua nini hutokea kwa majengo ambayo hakuna aliyekubali kuchangia. Amesema atalifikiria. Hajasema atalipa.